Mabamba ya Mgongoni

Sifa ni zako, Mwenyezi Mungu, uliyeumba wanyama ambao hakuna jicho la mtu lililowahi kuwaona, ukatuachia mifupa yao. Nakushukuru kwa uzee huu, na kwa binti yangu, mtoto pekee niliyebaki naye.

Binti huyo ni mwalimu wa baiolojia. Mwaka jana alikuwa akitengeneza, uani kwetu Mkolani, karibu na ziwa, sanamu ya dinosaria mwenye mabamba mgongoni na miiba mkiani, kama yule aliyechimbwa kusini, upande wa Lindi. Mwili aliusuka kwa nondo na saruji akifuata picha za mifupa. Mabamba ndiyo yaliyomsumbua. Hayakuungana na uti wa mgongo, alinieleza. Yalishikwa na ngozi tu, na nyama ilipooza yakaanguka, hivyo wachimbaji huyakuta yametawanyika.

"Mamba naye yuko hivyo, baba," alisema. "Magamba yake ya mgongoni yana mfupa, lakini yamekaa kwenye ngozi. Nataka nione ngozi ikiwa hai."

Basi tukawa tunateremka ziwani asubuhi. Palikuwa na mwamba ambao mamba mmoja alikuwa akiota jua juu yake, na mwezi ule alikuwa ameshamchukua mbuzi wa jirani. Binti alichora akiwa juu kwenye mawe. Mimi nilishika rozari na kutazama maji.

Mama mmoja aliyekuja kufua, akichota maji kwa ndoo yenye kamba ndefu, alimtania.

"Mwalimu, huyo mchumba hachoki kukutazama."

"Wa nini, mama? Mbuzi wa mahari ameshamla mwenyewe."

Tulicheka. Mamba hakufumba mdomo.

Asubuhi moja tulikuta mwamba mtupu. Hakukuwa na upepo. Mama wa ndoo hakuwepo, na hata ndege weupe hawakutua kwenye magugu maji. Binti alisema afadhali, sasa angeupima mwamba ili akadirie urefu wa mnyama. Akateremka na kamba yake ya kupimia kabla sijamaliza Salamu Maria iliyokuwa mdomoni. Akainama pale maji yanapogusa jiwe.

Magugu maji yakaachana. Niliona safu mbili za magamba yaliyosimama zikija polepole, zikipinda kushoto, zikipinda kulia, bila sauti yoyote.

"Mwanangu, panda," nilisema. "Panda sasa."

Alipanda bila kuuliza, kamba akaiacha. Safu zile zikafika pale alipokuwa ameinama, zikasimama, zikazama. Kamba ilielea kidogo, kisha haikuwepo.

Alinishika mkono. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, mkia ulipopinda, magamba yaliinama?"

"Yaliifuata ngozi. Ya upande wa ndani yalisogeleana, ya nje yakaachana."

Sanamu imekwisha, inasubiri gari la shule. Mgongo ameupinda, na mabamba yamekaa vile nilivyomweleza. Majirani wanaisifu. Mimi nikienda kufungua geti alfajiri, siwezi kuitazama kwa nyuma. Naizunguka upande wa kichwa. Ziwani hatujarudi. Mama wa ndoo anasema mwamba bado mtupu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe sikio la kusikia unapoitwa, na miguu ya kupanda kabla hujauliza sababu. Amina.