Shubiri ya Mkunga

Mkunga wa zahanati hupima kila kitu kwa shubiri: tumbo la mjamzito, kitambaa dukani, hata dirisha la jirani. Siku alipokwenda kununua gari la kushika nafasi ya mkweche wa zahanati, muuzaji alimvuta hadi kwenye kigari kinachong'aa. "Mama, hiki hakinywi mafuta, kinanusa tu!" Mkunga akatabasamu, maana mafuta ya zahanati ni ya kubana. Kisha akapiga magoti na sare yake nyeupe, akapima kwa mkono nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari. Haikufika hata shubiri moja. "Mwanangu, wajawazito wangu wako ng'ambo ya mto wa mawe. Hiki kitanusa mafuta kikiwa kimekalia jiwe, na mtoto hasubiri." Akaliendea gari refu la porini. "Hilo linakunywa, mama!" "Na linywe. Mafuta tutayabana kwingine: mikutanoni nitakwenda kwa miguu."