Springi ya Mhunzi wa Mollo

Watu wa magari hawachoki kubishana kama pikapu ya njia mbaya inahitaji kuongezewa springi au iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Nimeusikia ubishi huo Lupa, Mpanda, na kwenye kila kivuko nilicholala nikingoja maji yapungue. Mimi huikumbuka barabara ya Kipili.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shule niliiacha mapema. Nilitaka tu kujua barabara iliyopita mbele yake inaishia wapi. Udereva nilijifunzia machimboni Lupa, na nilipofika Sumbawanga, mzee mmoja wa swala tano mwenye duka la nguo na nafaka akanipa pikapu yake niendeshe. Nilishusha ulezi na mahindi Kipili, kule ziwani, nikapandisha dagaa. Sikuwahi kukaa mahali misimu miwili. Pale nilikaa, kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa akianika dagaa ufukweni.

Tulikuwa tumeshakubaliana. Shida ilikuwa mama yake, mjane mwenye ugonjwa wa mgongo, ambaye pale Kipili hakuwa na mtu mwingine.

"Mama akikubali kuhamia juu Sumbawanga, nami nimehamia," aliniambia. "Asipokubali, usinisumbue."

Mama hakuogopa kuhama, aliogopa safari. Basi siku moja nikampandisha hadi hospitali ya misheni, nikampa kiti cha mbele. Pikapu ile ilikuwa na springi laini. Ikiingia shimoni iliinama, kisha ikainuka taratibu. Kabla hatujafika Namanyere mama alikuwa anakoroma. Niliporudi naye Kipili akasema, "Mavuno yakiisha, njoo utuchukue."

Nikapanga nyumba Pito, karibu na Sumbawanga, yenye jiko la nje. Nikanunua kitanda. Mtu ambaye hajawahi kununua kitanda hajui kinavyotisha.

Mwaka huo mavuno yalikuwa makubwa, na tajiri wangu akataka pikapu ibebe magunia zaidi. Ikijazwa sana ilikuwa ikilala chini, tumbo likikwaruza mawe.

"Tuiongezee bamba la springi," akasema, "moja kila upande."

Mabamba ya kiwandani yangechukua miezi kufika. Tukaenda kwa mhunzi wa Mollo, ambaye ukoo wake ulifua majembe tangu chuma cha Ufipa kilipokuwa kinayeyushwa huku huku. Tulimpelekea vyuma vya lori lililokufa.

"Unataka kigumu, au kigumu sana?" akaniuliza.

"Kisivunjike tu, mzee."

"Changu hakipindi, sembuse kuvunjika! Kuna bibi hapo ng'ambo analimia jembe alilofua baba yangu. Meno yake yote yamekwisha, jembe bado."

Vijana wa mivukuto wakacheka.

Chuma kilipopoa alikijaribu kama jembe linavyojaribiwa kwa watu wanaolima matuta: alikigonga kwenye jiwe, akasikiliza. Kililia kama kengele ya kanisa. Tajiri akatabasamu. Nami, niliyezoea kuuliza kila kitu, nikatabasamu. Katika nchi ya majembe, chuma kisichopinda ndicho chuma. Hakuna aliyekumbuka kwamba springi kazi yake ni kupinda.

Mavuno yalipoisha, nilishuka Kipili na magunia mengi kuliko siku zote, na pikapu ilisimama wima kama askari wa gwaride. Niliimba njia nzima. Ufukweni nikakuta mbalamwezi imefukuza dagaa. Hapakuwa na mzigo wa kupandisha. Nikafurahi zaidi. Nilipakia mikeka yao, sufuria, kinu na kuku, binti akakaa nyuma na vyombo, mama akaketi mbele. Nilijiambia gari jepesi litamlaza mama mapema.

Pikapu tupu haikuinama hata kidogo. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

"Baba, gari lako leo limekula nini?" mama akauliza.

"Chuma, mama."

"Basi halijakisaga."

Tulicheka. Tulipoanza kupanda mlima mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti. Nilipunguza mwendo mpaka waenda kwa miguu wakatupita, haikusaidia kitu. Tulipofika Namanyere mama akasema, "Simamisha."

Tulimlaza kwenye mkeka kando ya barabara. Nikaanza kuokota mawe na kuyatupa nyuma, gari lipate uzito.

"Mwanangu, acha," akasema. "Humo siingii tena. Si kwa kupanda, si kwa kushuka."

Wakatafutwa vijana wa machela wa kumrudisha ziwani. Binti yake alifunga mikeka upya, akabeba kuku, akanisogelea. "Kakitoe hicho chuma," akasema, "ndipo uje."

Tajiri alisema tungoje magunia yaishe. Ghala lilikuwa limejaa hadi darini, nikamwelewa. Magunia yalipokwisha, mvua ilianza, na njia ya mlimani ikafungwa. Masika yote nililala juu ya kitanda kile kipana nikisikiliza maji. Njia ilipofunguka, fremu ya pikapu ilipasuka pale pale bamba lilipobana, na tajiri mwenyewe akaamuru litolewe. Mhunzi aliyachukua mabamba yake akayafua majembe.

"Ulisema kisivunjike," akanitania. "Kimevunjika?"

Nikashuka Kipili na springi zile za zamani. Kwenye kiti cha mbele niliweka mto.

Nyumba yao ilikuwa imefungwa. Jirani aliyekuwa akianika samaki aliniona nimesimama mlangoni.

"Shemeji, umechelewa. Wamevuka kwenda Kongo, kwa mjomba wa binti. Mama alisema ziwani hakuna mashimo."

Nilipandisha dagaa wachache siku ile. Pikapu iliinama kwenye kila shimo, ikainuka taratibu, ikainama tena, kama zamani. Karibu na Namanyere niligeuka kutazama kiti cha mbele, nione kama mama amelala.