Malori Yaliyorudishwa Getini

Madereva walimwita Mama Rudisha, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho chake cha kazi. Kwa miaka tisa alikuwa msimamizi wa geti la dampo la halmashauri. Lori likifika alipanda ngazi ya chuma, akainua turubai, akachokoa mzigo kwa fimbo ndefu yenye ndoano, kisha akashuka na kuandika daftarini. Daftari lilikuwa na safu mbili tu za uamuzi: Imepokelewa na Imerudishwa. Taka za majumbani na sokoni zilipokelewa. Betri chakavu, oili chafu, makopo ya sumu za wadudu na rangi zilizoharibika zilirudishwa, maana dampo letu lilikuwa na kibali cha taka za kawaida peke yake.

Nasema letu kwa kuwa nilikuwa karani wa idara ya usafi. Kila Ijumaa daftari lake lilinifikia, nikajumlisha, nikachapa taarifa. Mwandiko wake ulikuwa mdogo na ulionyooka, na muda aliuandika mpaka dakika.

Hakuna dereva aliyewahi kumlainisha, hata kwa soda.

"Hivi Mama Rudisha, mkweo akija na lori utamrudisha naye?" mmoja alimtania siku niliyokuwepo.

"Mkwe wangu akija anakuja na begi la nguo, hilo napokea. Wewe fungua turubai."

Ndani ya dampo hilohilo, nyuma ya uzio wa waya, kulikuwa na shimo la taka hatarishi. Lilichimbwa miaka minne nyuma, likatandikwa plastiki nene nyeusi, kingo zikapigwa saruji, na mlango ukatiwa kufuli. Halikuwahi kutumika. Utaratibu ulisema shimo litafunguliwa kamati ya halmashauri ikishaona kwamba haja ipo, na haja hiyo ilipimwa kwa kiasi cha taka hatarishi zilizopokelewa getini. Kila robo mwaka nilichapa sifuri. Kila robo mwaka kamati iliipongeza idara kwa sifuri hiyo, na mwaka jana walimpa Mama Rudisha cheti cha utumishi bora. Sikuona kasoro yoyote. Hesabu zilikuwa sahihi.

Jumanne moja mdogo wake alimfuata kazini akiwa na ndoo. Huyu mdogo mtu ana kitalu cha miche huko bondeni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka getini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona na ndoo, unahama?"

"Nakaribia. Hebu chungulia."

Ndani mlikuwa na vifuniko vitatu vya betri na miche mitano ya michungwa. Majani yake yalikuwa yamejikunja na kuwa ya kahawia, kama karatasi iliyowekwa karibu na moto. Mkono wa kulia wa mdogo mtu ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Jumapili nilimwagilia kwa maji ya kisima, kile cha kando ya korongo, na leo ndiyo haya. Huu mkono umebabuka nilipookota hivyo vifuniko pale korongoni."

Mama Rudisha aligeuza kifuniko kimoja. Kilikuwa na alama ya rangi ya kijani, na alama hiyo aliijua. Akafungua daftari. Ijumaa, saa nne na dakika arobaini asubuhi: lori la karakana ya betri, Imerudishwa. Mwandiko wake mwenyewe.

"Hili lori unalijua?" mdogo wake aliuliza.

"Nalijua. Nililirudisha."

"Ulilirudisha wapi?"

Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka tisa hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Basi acha nikwambie mimi. Magari unayoyarudisha wewe yanakuja kwangu. Yakigeuka hapa, korongo la kwanza ni langu. Miche elfu mbili, dada, na watu wameshaagiza ya kupanda mvua hizi. Halafu kisima hicho hicho ndicho tunachokunywa."

Kesho yake asubuhi Mama Rudisha alikuwa ofisini, mbele ya meza ya mkuu wa idara, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe wa pili. Alimsikiliza vizuri, lazima niseme hivyo.

"Pole sana, mama. Lakini mamlaka yako yanaishia getini. Nje ya geti ni barabara, na barabara ni ya wenzetu wa ujenzi."

Ujenzi walimwambia wao wanashughulika na lami, korongo ni la watu wa maji. Watu wa maji walimwambia kisima wanakipima malalamiko yakitoka idara ya usafi. Zilipita siku nne za kazi. Alirudi kwetu, viatu vimejaa vumbi, akasimama palepale alipoanzia.

"Basi lifungueni lile shimo," alisema.

"Shimo lina utaratibu wake, na haja haijaonekana. Karani, msomee."

Nilitoa jalada nikamsomea. Robo ya kwanza, sifuri. Robo ya pili, sifuri. Nilipofika mwaka wa pili aliinua mkono.

"Hizo sifuri nimezileta mimi."

"Ndiyo, mama," nilijibu.

"Kwa kurudisha."

"Ndiyo."

Akamgeukia mkuu. "Na nikipokea?"

"Ukipokea umevunja masharti ya kibali, nami nitalazimika kukuandikia barua." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa.

Nikafunga jalada, nikalirudisha kabatini.

Jumatatu iliyofuata alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora safu ya tatu daftarini. Juu yake akaandika: Inasubiri. Saa mbili na dakika ishirini lori la karakana likafika. Alipanda, akaona betri, akashuka, akachukua kadi ya safari mkononi mwa dereva.

"Nirudi, Mama Rudisha?"

"Hapana. Egesha pembeni."

"Kumbe leo unapokea?"

"Sijapokea."

"Hujapokea, hujarudisha. Sasa mimi niko wapi?"

"Unasubiri."

"Nasubiri nini?"

"Hata mimi sijui. Zima injini, mafuta ghali."

Dereva bila kadi iliyogongwa muhuri hawezi kumwonyesha uso mwajiri wake, kwa hiyo alitandika boksi chini ya lori akalala. Kufika saa sita yalikuwepo manne: betri, oili, makopo ya sumu, rangi. La tano lilikosa nafasi pembeni likasimama katikati ya njia, na nyuma yake likaja lori la halmashauri yenyewe lenye taka za sokoni. Nyuma ya hilo yakaja mengine matatu. Jumanne ilikuwa vilevile. Jumatano simu za wafanyabiashara wa sokoni zilinimalizia asubuhi yote.

"Karani, hapa pananuka. Ukibisha, njoo unuse mwenyewe."

Mkuu aliniambia nibebe jalada, tukaenda. Tulimkuta Mama Rudisha ameketi kwenye kigoda chake na kikombe cha chai.

"Mama, unafanya nini?"

"Naandika, bosi."

"Haya malori yarudishe sasa hivi."

"Sawa. Naomba iwe kwa maandishi." Alimpa daftari likiwa wazi, na kalamu juu yake. "Andika yarudishwe. Halafu malizia, yarudishwe wapi. Ukishataja mahali, natoa kadi zao zote na njia inafunguka."

Madereva walikuwa wamesogea.

"Andika bosi, tuna njaa," mmoja alisema.

"Andika nyumbani kwako," alidakia mwingine, "nasikia una uwanja mkubwa."

Walicheka wote isipokuwa watatu: mkuu, mimi, na Mama Rudisha. Mkuu alichukua kalamu akaandika yarudishwe. Kalamu ikasimama hapo. Neno lolote ambalo lingefuata lingekuwa na sahihi yake chini.

"Karani," aliniuliza kwa sauti ya chini, "kuna mahali popote?"

"Hakuna, mkuu. Nimepitia masharti yote. Pametajwa shimo tu."

Alilikata neno alilokuwa ameandika, akaenda kukaa ndani ya gari lake na kupiga simu karibu saa nzima. Saa tisa alasiri ufunguo uliletwa kwa pikipiki, na shimo likafunguliwa. Kwenye karatasi waliita matumizi ya muda.

Wiki hiyohiyo barua ya Mama Rudisha ilitoka. Ilikuwa onyo la kuzuia njia ya umma, na uhamisho wa kwenda stoo ya mifagio na matoroli. Niliichapa mimi, na sikukosea hata herufi moja. Kamati ilipokaa iliipongeza idara kwa kuanza kupokea taka hatarishi, na madaftari mapya yakachapishwa yakiwa na safu ya Inasubiri tayari.

Malori hayamwagi tena bondeni. Ila taka zilizomwagwa ziko palepale, kwa sababu hakuna safu zinamoingia: hazikupokelewa, na zilikwisha kurudishwa. Watu wa maji bado walitaka barua ya idara. Idara ikasema taarifa lazima ianzie kwa msimamizi wa geti. Msimamizi mpya akajibu, kwa haki kabisa, kwamba yeye hakuona kitu. Niliandika barua tatu kwa mkono wangu nikaziweka mezani kwa mkuu. Ninazo nakala zake na tarehe zake, na hakuna iliyosainiwa. Katika miche elfu mbili ilibaki mia sita, ile ya upande wa juu.

Juma lililopita nilipita huko baada ya kazi. Nilimkuta Mama Rudisha na mdogo wake kwenye bomba la barabarani wakijaza madumu.

"Watu wa maji hawajafika?" niliuliza.

"Walifika, hawakuja na barua wala nini, walikuwa wanapita," mdogo mtu alisema. "Wakachungulia kisima, wakasema kweli kina harufu."

"Halafu?"

"Wakaniambia nisiteke."

"Basi?"

"Basi. Wakaondoka."

Mama Rudisha alifunga kifuniko cha dumu, akalisogeza mbele yangu kwa mguu.

"Shika hilo, karani. Maswali utauliza tukiwa njiani."

Nikalibeba. Kutoka bombani mpaka kitaluni ni hatua mia nne na kumi, na siku ile tulikwenda mara sita.