Alama za Lugha za Mwalimu Kipeo

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Kipeo, kwa sababu hakumaliza kipindi bila kupandisha namba moja juu ya nyingine. Alikuwa amefundisha hisabati sekondari kwa miaka sita, na shida yake ilikuwa moja tu: kwenda kusomea takwimu, shahada ya uzamili. Kabla ya hapo kulikuwa na mtihani wa kujiunga wenye sehemu mbili, hesabu na lugha, na lugha yenyewe ya kigeni.

Mara ya kwanza, kwenye hesabu aliwashinda watu tisini na sita katika kila mia. Kwenye lugha aliwashinda thelathini na mmoja. Akaikunja karatasi ya matokeo, akaitia kwenye droo, na fomu ya maombi hakuituma.

"Siwezi kujiaibisha," alimwambia mjomba wake, karani mstaafu wa mahakama aliyekuwa akiishi naye.

"Kwani unaenda kusomea ushairi?"

"Mjomba, wakiona hii watasema sijui kusoma."

"Basi tusome, mwanangu," mjomba akasema, akavaa miwani.

Wakasoma. Mjomba aliandika maneno kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kila mahali, kwenye jokofu, kwenye kioo cha bafuni, hadi kwenye meza ya kupigia pasi. Mwalimu akajifunza neno la mtu anayeongea sana bila kusema kitu, akawa analikumbuka kila Jumatatu mkuu wa shule akihutubia. Akajifunza maneno matatu ya uchovu, na yote akayahitaji. Mwaka ukapita, akarudia mtihani: arobaini na nne. Mwaka wa pili akarudia tena: sitini na mbili. Ila safari hii kwenye hesabu alishuka hadi themanini na nane, maana kwa miezi kumi hakuwa amegusa hata swali moja la hesabu za mtihani ule, ila zile za darasani tu.

Akatuma maombi, akakubaliwa.

Wiki ya kwanza chuoni alimkuta profesa wa kamati ya udahili amesimama kwenye mashine ya kunakili iliyokwama karatasi. Akamuuliza kwa adabu alama za lugha zilimsaidia kiasi gani.

"Zipi?"

"Za mtihani wa kujiunga. Sitini na mbili."

"Ah, zile. Sisi tunaangalia hesabu, masomo uliyosoma, na barua za waliokufundisha. Lugha hata ukipata thelathini, hakuna anayeuliza." Akavuta karatasi iliyokwama. "Yako ya hesabu ndiyo ilitusumbua. Themanini na nane kwetu ni ndogo. Nusura tukuache."

"Mwanzoni nilipata tisini na sita."

"Mbona hukutuma?"

Mwalimu akaichukua ile karatasi iliyokwama, akaikunja.

Alipompigia mjomba simu kumweleza, mjomba akaanza kuhesabu. "Miaka miwili," akasema. "Na jokofu nimelibandua rangi."

Alimaliza masomo, akaendelea mpaka uzamivu, akabaki kufundisha palepale na kuingizwa kwenye kamati ileile. Ndipo mkuu mpya wa idara akataka kiwekwe kiwango cha chini cha lugha: hamsini. Mwalimu Kipeo akachukua rekodi za wanafunzi mia mbili waliopita, akazichambua wiki tatu, akaandika ripoti ya kurasa nne. Alama za lugha hazikuonyesha nani atafaulu wala nani atashindwa.

Mkuu aliisifu mbele ya kikao. "Ripoti safi. Kila sentensi imenyooka. Hii ndiyo maana nasema lugha ni muhimu."

"Lakini umesoma inachosema, mkuu?"

"Nimeisoma yote. Umeandika vizuri sana."

Kiwango kikapita, kura sita kwa moja. Mwaka uliofuata waombaji tisa, wote wazuri wa hesabu, waliachwa kwa sababu ya lugha. Kazi ya kuwaandikia barua za kuwakataa alipewa yeye, kwa kuwa kalamu yake ni nzuri. Aliziandika zote tisa, na chini ya kila moja akaongeza majina ya vyuo viwili visivyouliza lugha.