Gari Ambalo Halikuwahi Kuwepo

Watu wananichosha na swali lao: "Hii iko gari gani?" Si gari lolote! Nanunua maketi, magari madogo ya plastiki ya kuunganisha kwa gundi, kisha nachanganya vipande, bodi ya hili na injini ya lile, mpaka nipate gari la mashindano la zamani ambalo halikuwahi kuwepo duniani.

La mwisho nililipaka rangi ya kijani, na milango yake miwili ilifunguka vizuri. Ili lionekane limepata ajali, nikalisugua kwa vumbi jekundu la barabara ya Kasomeno, nikaubonyeza mlango wa kushoto.

Jirani yetu hapa Kamalondo, mama mzee ambaye mume wake alikufa katika ajali ya gari kabla sijazaliwa, alikuja kurudisha sufuria. Akaliona gari mezani. Hakuuliza ni gari gani. Alipitisha kidole kwenye mlango niliobonyeza, akatikisa kichwa.

"Apana, mutoto wangu," akasema polepole. "Huu ulifunguka. Ni ule ingine ndiyo ulikatala."

Akaondoka. Nikaujaribu mlango wa kulia. Sikuutia gundi, nina hakika.

Haukufunguka.