Lori Sita kwa Kompyuta Yangu

Nilidhani hakuna kitu kingenishtua tena. Niliacha shule darasa la saba, nikachimba mawe kwa mikono hapa Kitengela, na leo niko na lori tatu.

Halafu nikanunua kompyuta kwa karani wa zamani wa mshindani wangu. Kila nikifungua intaneti, inaanza na ukurasa wa huyo mshindani: yeye na kofia nyeupe, lori sita nyuma yake. Mtu aliyekuwa akinipakilia mawe! Nikabadilisha ukurasa wa mwanzo kwa setingi mara nne. Nikifunga na kufungua, ni yeye tena, anacheka.

Nikaipeleka kwa mama wa saiba, pale watu hulipia kutumia intaneti.

"Mzee, setingi ziko sawa. Hii alama unayobonyeza kufungua intaneti ndiyo imewekewa anwani ya ukurasa wake."

Akaifuta, akaweka nyingine. Ukurasa ukafunguka mweupe, mtupu.

"Umeridhika?"

"Nitengenezee wangu. Na picha ya lori saba."

"Si uko na tatu?"

"Nne nitakodisha asubuhi moja."

Alicheka hadi akashika meza. Tulipiga picha hiyo Jumamosi. Pamoja na kukodisha, ilinigharimu shilingi elfu arobaini na moja, mia tatu na hamsini.