Siku Baba Alipovuka Uwanja

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia mashariki mwa Kongo, mtoto hakuuliza jirani anasali wapi. Aliuliza wamepika nini. Idi tulikula pilau kwa Mzee Saidi, muuza nyama, mpaka matumbo yakauma. Krismasi watoto wake walikuja kwetu, na kuku tulikuwa tumempelekea yeye mwenyewe amchinje, ili wote tule. Tulicheza kombolela nyuma ya kanisa na kujificha msikitini, imamu akitutimua na kandambili mkononi.

Kisha vita vikaingia, na kamanda mmoja mwenye rozari shingoni. Asubuhi moja alitukusanya uwanja wa mpira. Alisoma Zaburi kwa sauti nzuri sana, akafumba macho, akaomba. Alipoyafumbua akasema Mungu amemtuma kuusafisha mji. Wakristo kulia, Waislamu kushoto.

Nilikuwa na miaka tisa, nimemshika baba mkono. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mpole aliyeogopa hata mbwa. Akanikabidhi kwa mama, akavuka uwanja, akasimama kando ya Mzee Saidi.

"Mwalimu, wewe si Mkristo?" kamanda akauliza.

"Ni Mkristo, kamanda. Ndiyo maana nimesimama hapa."

Kitako cha bunduki kilimng'oa meno mawili. Hakurudi upande wa kulia. Mama akatuvuta, tukavuka. Ikafuata kwaya yote, kisha watu wengine, hadi upande wa kulia zikabaki nyasi tu. Kamanda akawageukia askari wake. Walikuwa wanatazama chini. Baadhi yao baba ndiye aliyewafundisha kuimba. Kamanda akaswaga mbuzi wetu wote, akaondoka. Hakuuawa mtu siku ile.

Baba aliimba kwa kithembe mpaka alipofariki, nasi tulijivunia kithembe kile kama medali.

Sasa nafanya kazi ya hoteli hapa Doha, tunaishi wanne chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Wenzangu ni wasichana wadogo. Kuosha sufuria kwao ni mjadala wa wiki nzima, lakini video ya mbabe wa vita anayetaja Mungu huku akitukana dini ya wenzake wanaisambaza kabla chai haijapoa. Juzi Atieno, Mkenya, alinionyesha moja.

"Aunty, huyu ako sawa. Anatetea imani."

Nikamsimulia habari za baba. Akaifuta video ile.

Sisi hatukuwa na umeme, lakini jirani tulimjua hata kwa kikohozi chake. Wao wanaiona dunia nzima kiganjani, na anayelala kitanda cha juu hawajui kwao ni wapi.